Viliitwa kwa Jina

Vifurushi elfu mbili mia moja na arobaini na saba.
Nimehesabu mara mbili,
maana mara ya kwanza sikuamini.
Seva hii hupima kina cha mto Tisza,
imekaa chini ya ngazi, ofisi ya maji, Szeged,
diski yake inakoroma tangu Jumanne,
na Etelka anataka mpya iwe tayari
kabla theluji ya milimani haijayeyuka.

"Hamisha alivyovitaka Vendel," akasema.
"Vingine achana navyo."

Alivyovitaka.
Kana kwamba kutaka huacha alama.

Na kweli huacha. Linux ina daftari lake:
huyu aliitwa kwa jina, kwa mkono, mtu alibonyeza;
yule alikuja kwa ajili ya huyu,
kama mpwa aletwaye arusini na shangazi mwalikwa,
na mpwa kaja na rafiki,
na rafiki kaja na njaa yake.
Shangazi akiondoka, wote hawana tena kiti.

Ila daftari lilidanganywa tangu siku ya kwanza.
Aliyesimika mfumo, miaka kumi na mmoja nyuma,
aligonga mhuri wa mwalikwa
kwenye mia nne kwa mpigo mmoja,
hata kwa wazamiaji.
Nikafukua kumbukumbu, faili zilizobanwa,
nikazikunjua moja moja.
Zinarudi hadi Machi ya mwaka juzi, kisha kimya.
Za kabla ya hapo zilifutwa ili kuokoa nafasi
ambayo hatukuwahi kuihitaji.

Basi nikachambua kama mchele.
Cha kuchora grafu: alikitaka, sina shaka.
Cha kupokea vipimo kutoka mtoni: hicho ndicho roho.
Vya kuhariri maandishi, vitatu;
Vendel alikuwa na mikono miwili tu.
Cha kuonyesha mwezi umefikia wapi,
humo humo kwenye kioo cheusi. Nikacheka peke yangu.

Kisha fonti za Kiarmenia.

Novemba, Jumapili,
saa nane na dakika kumi na nne usiku.
Hazikuletwa na shangazi yeyote.
Kwa jina. Kwa mkono.

Etelka aliinua mabega.
Nikampigia Boróka, bintiye, wiki ya sita baada ya mazishi.
"Baba hakujua Kiarmenia," akasema.
Nikasikia maji yakichemka upande wake wa simu.
"Nadhani hakujua."

Mtu wa miaka sitini na mbili, chini ya ngazi,
ana kitu mbele yake, na kila herufi ni kisanduku kitupu,
kisanduku, kisanduku, nukta, kisanduku,
naye anaiambia mashine ya mto:
nipe macho.
Daftari linajua nini na linajua lini.
Kwa nini haina safu.

Usiku ule nilifungua kabati la jikoni.
Vikombe kumi na saba.
Cha bluu nilikinunua Pécs, nakumbuka hata mvua.
Vingine vilikuja na ndoa,
na vya ndoa vikaleta vyao.
Ndoa ilishatolewa zamani;
hakuna aliyetoa amri ya kuondoa mayatima.
Sikutupa kitu. Nilikunywa chai kwa cha bluu,
nikakiosha, nikakirudisha mbele.

Asubuhi nikaanzisha faili moja, maandishi matupu,
kila kifurushi mstari wake:
jina, tarehe, aliyekiita, sababu.
Atakayenifuata asije akapiga ramli.
Mistari thelathini na minane ikatosha kuubeba mto mzima.
Hata mwezi nimeuweka, sababu yake: "unapendeza."

Wa thelathini na tisa, fonti.
Kwenye sababu nikaandika, nikafuta,
nikaandika tena, nikaifunga faili:

"Vendel. Saa nane usiku. Aliziita."