Mafundo Tisa

Kila Jumamosi ya pili, barafu ikishayeyuka,
Tellervo hupiga makasia hadi katikati,
hushusha sahani nyeupe upande wa kivuli
kwa kamba ya mafundo, kila fundo nusu mita,
huku akihesabu kwa midomo tu
mpaka weupe umtoke machoni.

Mwaka alioanza: mafundo tisa.
Mwaka walipokata misonobari ya akina Koskela: sita.

Sasa ng'ambo kuna nyumba kumi na tisa
zenye madirisha mapana ya kutazamia ziwa.
Nyasi zake zimeteremka hadi majini,
kijani cha kutiliwa shaka;
mvua ikinyesha, mbolea nayo hushuka kuoga.

Joonas, mgeni wa nyumba ya saba,
alimkaribia kwa mtumbwi wake mwekundu.
"Umepoteza nini humo?"

Tellervo akalitafuta jibu, akaliona refu.
Akampa kamba.

Moja, akahesabu kijana kwa sauti. Mbili. Tatu.
Akanyamaza.
Akaivuta, akaishusha tena,
kama asomaye barua mara ya pili
akidhani ameruka neno.

Tellervo aliandika kwa penseli, wino huogopa maji:
mita moja na nusu. Upepo hafifu. Harufu ipo.
Kwenye safu ya mpimaji akauliza,
"Joonas, kwa o mbili?"

Hakujibu. Alikuwa akisikiliza
mashine ya nyasi ikinguruma ng'ambo,
kwake.