Mia Moja Kumi na Mbili

Ghala la asali, Cheyo, nyuma ya reli.
Kibodi yangu inanata
kwa nta ya vidole vya watu wanaokuja kuuliza.
Nyanzala Shija akaingia, akafungua fundo la kanga
juu ya meza yangu: elfu themanini na sita, noti mpya.
"Hizi si zangu. Mzinga wangu namba kumi na mbili
msimu huu haukuingia nyuki hata mmoja.
Siafu walitangulia."

Nikacheka. Nani Tabora hii
amewahi kurudisha pesa dirishani?
Kisha nikafungua jedwali, kicheko kikaniganda.

Maana kila mzinga tumeupa namba mbili,
ya kijiji na yake mwenyewe.
Moja bila mwenzake haisemi kitu:
mzinga namba mbili uko Ipole, uko Igigwa,
uko kila pori lenye mtu na shoka,
na kijiji peke yake ni umati.
Mpaka zishikane, hii mbele, hii nyuma,
ndipo zinautaja mti mmoja, tawi moja,
gome moja lililochongwa mwaka wa ukame.

Hayo niliyajua. Nilifundishwa, nikafaulu.
Lakini maktaba niliyoipakua kwa bando la usiku,
ile inayosimama kati ya programu yangu na kanzidata
kama mkalimani kati ya wagomvi wawili,
ilitaka ufunguo mmoja, neno moja, basi.
Nami nikairidhisha. Nikazibandika namba
kama mtu anayefunga bahasha kwa mate.
Bila nafasi. Bila hata nukta.

Ipole ni kijiji cha moja, mzinga namba kumi na mbili:
moja, moja mbili.
Igigwa ni kijiji cha kumi na moja, mzinga namba mbili:
moja moja, mbili.

Soma tena polepole, kama nilivyosoma mimi.
Mia moja kumi na mbili ni mzinga mtupu wa Nyanzala
na ni ndoo tatu za Kasele Mabula wa Igigwa
aliyepiga simu mara nne wiki ile
nami nikamjibu, kwa sauti ya kitaalamu,
"Mfumo unaonyesha umeshalipwa."

Kistari kingetosha? Nilijaribu.
Kilidumu siku mbili, hadi kijiji kipya
kikaandikishwa kwa jina la kumi na moja, kistari, B.
Programu ikakata palipo kistari,
mkononi nikabaki na vipande vitatu
na mzinga mmoja usio na kwao.

Basi nikaachana na gundi.
Nikaifundisha maktaba kushika jozi ikiwa jozi,
bila kuisaga iwe unga:
cha kwanza kipimwe na cha kwanza,
vikilingana, ndipo cha pili na cha pili.
Na kijiji kitangulie. Anayeanza na mzinga
faharasa haimfai; atatembea pori zima
akigonga kila mti.

Kasele alilipwa Ijumaa. Hakushukuru,
na alikuwa na haki.

Jumatatu Nyanzala akarudi
kudai risiti ya pesa alizorudisha.
Akainama kwenye kioo, akaweka kidole kwenye mstari wake.
"Hapa kwenye kilo mbona pako wazi?"
"Hakukuwa na kitu, mama."
"Kutokuwa na kitu ni sifuri.
Nilipanda, nikafunua, nikawaona siafu.
Pa wazi ni pa mzinga ambao hakuna aliyeupanda."

Nikaandika sifuri.
Printa haikuwa na wino, risiti nikaiandika kwa mkono:
kijiji, moja; mzinga, kumi na mbili.
Katikati yao nikaweka koma nene,
nyeusi, yenye mkia,
kama siafu.