Maji Moto

Saa mbili na dakika kumi walimsukuma ndani,
kitanda kikilia gurudumu moja, la nyuma, kushoto.
Muuguzi alikuwa ameshika mkasi aukate uzi mweupe
tuliomfunga jana kifundoni
ili roho yake isizurure.
Akautazama uzi. Akanitazama.
Akaufunika kwa plasta, mkasi akautia mfukoni.

Hapa Khon Kaen ukumbi wa kungojea umejaa watu wa mtoni.
Nawajua kwa viganja. Nawajua kwa vikapu vya wali wa kunata
walivyovificha chini ya viti, maana kula hakuruhusiwi.
Hakuna anayemuuliza mwenzake mgonjwa wake anaumwa nini.
Sote twajua. Sote tulikula.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimtengenezea.
Samaki wadogo wa mto Chi, wabichi, wangali na mng'ao,
nawakatakata mpaka kisu kinalia kwenye gogo kama mvua ya bati,
ndimu, pilipili, mchele uliokaangwa ukasagwa,
na maji moto kiganja kizima, wale siafu wekundu wachachu.
Laiti ningetia yale maji moto mengine,
ya sufuriani.

Thongdam alikuwa akilamba vidole, akisema,
"Buakhai, kwa mkono huu ningekuoa tena."
Na ndani ya sifa ile, mdogo kuliko punje,
anaogelea mnyoo bapa, atakayekua kama jani la chai,
apande mifereji ya nyongo, afanye makazi,
na kodi tudaiwe sisi, miaka thelathini baadaye.

Nimesema mara ngapi, mbele ya dada zake,
kwamba mwanamume huyu kanikata maini!
Alipouza nyati kwa ajili ya kamari.
Alipokwenda Bangkok kujenga maghorofa ya watu
akanyamaza miezi saba.
Ndoa yetu imetumbukia nyongo mara mbili,
tukaiosha, tukaila hivyo hivyo.
Leo anayekatwa ni yeye, wala hakuna methali.
Kuna taa, na koleo, na daktari kijana
aliyenichorea ini nyuma ya risiti
akapiga mstari: "Huku tunatoa. Huku kunabaki."

Saa nane na nusu alitoka, Daktari Pattarawut,
kofia imemwachia mfereji kwenye paji,
mkononi sinia iliyofunikwa kitambaa cha kijani.
Ndiyo desturi yao, jamaa waone kilichotolewa.
Mwanangu akageukia ukuta.
Mimi nikatazama kwa jicho la mpishi, sina jingine.
Maini ya ng'ombe nimeyapima sokoni miaka ishirini.
"Gramu mia tisa," nikasema.
Akashtuka. Mizani yao ilisema mia tisa na kumi na mbili.
Rangi yake ilikuwa karibu nzuri. Pembeni tu
kitu cheupe, kigumu, kama tangawizi
iliyoamua kuota gizani.

"Lililobaki litakua," akasema. "Miezi mitatu, lijaze nafasi."
Nikauliza litajuaje pa kuishia.
Akafungua mdomo, akaufunga.
Nikampenda kwa hilo.

Siku ya arobaini na moja, nyumbani,
jirani yetu Khampun kaleta bakuli la pole
limefunikwa jani la mgomba.
Harufu ya ndimu ilifika kabla yake.
Thongdam akaketi wima, kovu likamvuta, akameza mate.
Sikusema neno. Nilichochea moto,
nikamimina bakuli zima kwenye kikaango,
pamoja na siafu,
nikakoroga mpaka nyama ikawa nyeupe kama karatasi.

Akala vijiko vitatu. "Haina ladha," akasema.
"Haina," nikasema.
Akala cha nne.