Chumvi Haiingii Peke Yake

Mwaka ule maji ya Surma yalikataa kurudi mtoni.
Nilipita nyumba hadi nyumba, sari nimeikunja magotini,
ndani ya mfuko wa juti kikombe cha nusu lita,
chumvi ndani ya karatasi, donge la sukari guru.
Kazi yangu ilikuwa kubisha hodi.

Kwa Monowara, hodi ilinirudia.
Mama mkwe wake, Jobeda, alikaa kizingitini
akitafuna tambuu, meno mekundu kama matofali.
"Nani kakutuma? Wa ukoo gani? Mumeo yuko wapi?"
Nyuma yake, mkekani, nilimwona Tuntu,
macho yamezama kama visima vya kiangazi.

Sikumlaumu yule mama. Wakati ule nilimlaumu, ndiyo.
Sasa sivyo.

Binti yangu anasoma Dhaka. Juzi alinichorea
utando wa seli, mgongoni mwa risiti ya samaki:
safu mbili za vijitu vyenye kichwa kimoja, mikia miwili.
Vichwa vinapenda maji. Mikia inayaogopa,
basi imegeukiana gizani, ikajificha katikati,
vichwa vikabaki kutazama nje, na kutazama ndani.
"Hakuna gundi, Ma. Hakuna msumari.
Hofu ya maji tu ndiyo inayoushika."
Nikacheka. Nimeishi bondeni miaka hamsini;
naijua jamaa inayoshikamana kwa hofu ya maji.

Wala si ukuta, akasema. Ukuta hauchezi.
Huu ni kama utando wa maziwa yangali moto,
mafuta yanapishana, malango yanaelea humo.
Hewa hupita bila kuuliza, kama kuku wa jirani.
Chumvi hukaa nje hata ikilia.

Na kipindupindu? Hakikuvunja kitu.
Sumu yake ilikuja na adabu zote,
ikashika mkono uliochomoza utandoni,
ikakaribishwa kama mkwe.
Ilipokwisha kuketi ikafungua mabomba,
nyumba nzima ikamwagika.
Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu.
Wapo wajao mwenyeji afe.

Lakini lango moja sumu haikuligusa.
Bawabu wake, chumvi ikija peke yake, hutazama pembeni.
Sukari ikija peke yake, hutazama pembeni.
Zije zimeshikana mikono,
hapo hujipinda, hufunga nje, hufungua ndani,
na maji hufuata nyuma
kama watoto wanaofuata harusi wasiyoalikwa.

Siku ile sikuyajua haya.
Nilijua: ngao ya kiganja ya guru, vidole vitatu vya chumvi, nusu lita.
Mlango wa Jobeda sikuujua kabisa.
Ni Rashu aliyenipitisha, mtoto wa jirani, miaka tisa,
aliyezoea kumletea majani ya tambuu.
Alinishika mkono tu. "Huyu yuko nami."
Jobeda akatema mate mekundu, akasogeza goti:
nafasi ya mtu mmoja na nusu.

Monowara alikoroga. Nikamwambia aonje kwanza,
chumvi isizidi ya machozi.
"Hayo nayajua," akasema, wala hakutabasamu.
Kijiko. Kijiko. Akatapika. Kijiko.
Taa ikaisha mafuta, tukaendelea kwa kupapasa midomo.

Alfajiri Tuntu alinikojolea sari.
Sijawahi kuona mkojo ukipigiwa vigelegele,
na aliyeanza kupiga ni Jobeda.

Kisha akaniamuru nimwonyeshe tena kile kipimo.
Akatumbukiza vidole vitatu,
akaacha doa la tambuu kwenye chumvi yangu nyeupe.
Nikaibeba hivyo hivyo nyumba kumi zilizofuata.

Risiti ile nimeibandika jikoni.
Bawabu nimempaka mwenyewe, kwa rangi ya midomo,
mdomo mwekundu.