Dole Gumba

Siku ya kwanza kiwandani, Masasi,
Somoe alinipa kibao, nyundo ya mti
na bakuli la majivu.
"Jipake kwanza. Ukiyasahau mafuta ya ganda,
yenyewe hayakusahau."

Nikauliza glavu ziko wapi.
Meza ya tatu wakacheka,
si kwa ubaya,
kama mtu anavyocheka akikumbushwa deni.
Glavu zilikuja na mkaguzi.
Mkaguzi alipoondoka zikarudi kabatini,
na kabati lina kufuli.

Tunalipwa kwa kilo: nzima bei yake,
iliyovunjika bei ya huruma.
Mkataba? "Unakuja," anasema Bwana Nalinga,
tangu msimu wa mwaka juzi.

Juzi Somoe alikwenda kusajili simu.
Akaweka dole, mashine ikakataa.
Akalifuta kwa kanga, akaliweka tena.
Kijana wa duka akanong'ona,
"Mama, huna alama."
Miaka kumi na mmoja ya kubangua!
Amekwenda kutafuta laini,
kumbe laini anayo kidoleni.

Jana usiku tukaandika barua:
glavu, sabuni, mkataba.
Niliishika kalamu mimi,
kidato cha nne bado kinaninukia.
Kisha wino ukapita mkono kwa mkono.
Mabaka saba ya buluu,
matupu,
kama madirisha ya nyumba iliyohamwa.
La nane langu: mistari yote, mizunguko yote.

Somoe akaisogeza taa.
Akalitazama muda mrefu.
"Hili," akasema,
"usiliuze kwa kilo."