Mstari wa Saba

Simu inatetemeka kwenye mfuko wa koti.
"Gesine, mstari wa saba. Umeruka mti."
Najua yuko chini, dirisha la jikoni,
darubini ya marehemu babu machoni,
nyonga mpya ya chuma imeegemea kiti,
kahawa inapoa, naye ananihesabu.

Baba hajapanda huku tangu Agosti.
Daktari wa Trier alimwambia: ngazi za nyumbani, basi.
Huku si ngazi. Huku ni ukuta ulioanza kulala
ukasahau kumaliza.

Mlima wetu ni wa sileti,
jiwe lile lile lililoezeka kanisa,
jiwe lile lile ambalo nyanya Walburga
aliandikia jina lake shuleni, akalifuta kwa kiwiko.
Buti ikiteleza, linalia kama sahani.
Mvua za Januari hulikokota hadi barabarani,
na kila mwaka, kabla ya machipukizi,
tunalipakia kwenye kigari cha reli moja
tukaurudisha mlima mlimani.
Watu hucheka nikiwaambia.
Ukoo mzima, miaka mia na sitini,
wachukuzi wa mlima mmoja.

Mtaka cha mvunguni, sawa, sharti ainame.
Chetu sisi kiko juu, jirani na mawingu,
na bado migongo imepinda.

Machi nilifunga mioyo. Ndivyo tunavyoiita:
matawi mawili kwa kila mti, moja kushoto, moja kulia,
yapindwe mpaka yakutane chini, yafungwe kwenye kigingi.
Hufungwa siku ya ukungu, tawi likiwa na unyevu;
siku ya jua moyo hukatika mkononi
kwa mlio mkavu.
Nilivunja kumi na tisa.
Baba hakusema kitu. Aliandika kwenye kalenda.

Kaka yangu Volkmar anauza bima Koblenz.
Jumapili huja na keki, na hesabu kwenye karatasi:
saa elfu moja na mia tano kwa hekta, huku juu;
bondeni, mashine ingemaliza kabla ya chakula cha mchana.
"Acheni magugu yachukue," anasema, akikata keki.
Hesabu yake haina kosa. Nimeipitia mara mbili.

Sasa ni Oktoba. Doina na mumewe Costel,
mwaka wao wa kumi na moja kutoka Rumania,
wako mstari wa nne, wanagombana kwa sauti ndogo
kuhusu bei ya mabati ya nyumba yao.
Nyigu wamelewa.
Huko chini meli ya watalii inapita,
mtu mmoja anapunga mkono, anapunga tena,
nami, kamba kiunoni, makasi mkono mmoja,
mkono mwingine umeshika mti ili nisianguke,
sina wa tatu wa kumjibu.

Wageni wakionja mvinyo wetu mweupe, kule chumba cha chini,
hufumba macho, wakasema: nasikia jiwe.
Baba hutabasamu, huwamiminia tena.
Usiku mmoja nilimkuta peke yake kati ya mapipa
akilamba kipande cha sileti.
Akakitazama. Akakilamba tena.
"Halina ladha," akasema bila kugeuka.
"Usimwambie mtu."

Nateremka hadi wa saba. Kweli, upo:
nyuma ya kigingi kilichooza, mahali ukuta ulipobomoka,
mzabibu mmoja mwembamba, wa enzi za nyanya,
vichala vitatu, rangi ya chai iliyolala.
Kutoka dirisha la jikoni, mtu hawezi kuuona.
Alikuwa anaukumbuka tu.

Nakata viwili, naviweka kwenye ndoo.
Cha tatu nakila pale pale, mbegu kwa mbegu,
mgongo nimelipa dirisha.
Sukari, kisha ukali, kisha kitu
ambacho siwezi kukiapia.

Simu inatetemeka.