Majina Kwenye Kengele

Nimegawa barua mtaa huu miaka ishirini na tisa,
Brussels, nyuma ya stesheni ya kaskazini,
na nambari arobaini na saba
ndiyo nyumba iliyonifunza kusoma.

Mlango ni uleule wa mwaloni. Kengele ni tano.
Kando ya kila kengele kuna kikaratasi cha jina,
na chini ya kikaratasi kuna kikaratasi.

Siku moja mvua ililegeza gundi ya ghorofa ya pili.
Nikabandua kwa ukucha, Mungu anisamehe,
haikuwa kazi yangu.
Stoyanova.
Chini yake Karakaya, kwa wino wa buluu.
Chini yake Bellomo, kwa taipureta.
Chini kabisa, kwenye shaba yenyewe,
Verhulst. Hilo lilichongwa.
Wenyewe walidhani hawatahama.

Mzee Dursun Karakaya alinisimulia alivyofika
na sanduku la kadibodi, anwani imeandikwa kiganjani.
Mitaa yenye bustani ilimjibu: chumba kimeshachukuliwa.
Kimechukuliwa asubuhi, kimechukuliwa jioni,
na tangazo bado linaning'inia dirishani.
Mjane Bellomo hakumuuliza dini.
Alimuuliza kama anakoroma.

Mwaka wa pili akaja shemeji,
akaja binamu, akaja jirani wa binamu,
hata kinyozi wa kijiji akafunga duka akaja na wembe wake,
maana vichwa vyote alivyovijua
vilikuwa vimeshahamia huku.

Bwana mmoja wa manispaa alitujia na ramani ya rangi.
Mtaa wetu ulikuwa mwekundu tupu.
"Unaona," akaniambia, "ndege wa manyoya mamoja."
Nikamjibu: Bwana, ndege huyo
hutua kwenye tawi ambako hakutupiwa jiwe.
Hilo hakuliandika.

Siku hizi watoto wa Dursun wanakaa mbali,
kwenye nyumba zenye nyasi za kukatwa.
Jumamosi hurudi kununua jibini na mkate,
huegesha magari juu ya njia ya miguu,
na kulalamika, kwa Kifaransa kilichonyooka,
kwamba mtaa umejaa wageni.
Mjane Bellomo naye alisema hivyo enzi zake.
Na Verhulst, nadhani, kabla yake,
kwa lugha ya mama yangu.

Barua za marehemu Dursun bado zinakuja, za benki hasa.
Stoyanova huziweka kwenye kopo la biskuti.
Hajui Kituruki cha kuandika.
Hazitupi.

Mwezi ujao nastaafu.
Leo nimemkuta kijana mlangoni, mrefu, koti si lake,
ameshika kipande cha karatasi: Tesfazghi.
Kengele tano, zote zina wenyewe.
Analala jikoni kwa Stoyanova, kwa muda tu, kasema,
na mimi neno hilo nalijua umri wake.
Akaniuliza abandike wapi.

Nikampa gundi ya mfukoni.
Juu, nikamwambia. Juu tu.
Usibandue kitu.
Akabandika mshazari.